Kumpeleka Zaira kwa Baba Yake, Nizwa hadi Sur

Bismillahi. Wenzangu wa darsa ya Alkhamisi, tangu nirudi kila mmoja wenu ananishika mkono mlangoni na kuniuliza, "Ehe, Bi Thuwaiba, ikawaje?" Nikimhadithia huyu nasahau kipande, nikimhadithia yule nasahau kingine. Nimeona bora niandike mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake. Mambo ya viza na tiketi nimeyaacha, yana wenyewe.

Wengine mnamkumbuka marehemu Said bin Khalfan, mtoto wa ami yangu. Tulilelewa nyumba moja Unguja, tukila sinia moja. Baada ya mapinduzi alipata nafasi ya kusoma Baku, Azerbaijan, wakati nchi ile iko chini ya Warusi. Huko akaoa, akapata binti. Binti hajamaliza mwaka wake wa kwanza wa skuli, Said akaja Oman kutafuta maisha, akikusudia kuwaita mkewe na mtoto. Mja hukusudia, na kutimiza ni kwa Mungu. Mke hakutaka kuacha kwao, barua zikawa hazifiki, miaka ikapita. Said akaoa tena Sur, akapata mwana, Khalfan, na Sur ndiko alikozikwa, Mungu amrehemu.

Zaira ndiye yule binti. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi, anasomesha lugha chuo kikuu. Alinipata kwa kuulizia jamaa wa Unguja mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwangu Nizwa alisema ana haja moja tu: asimame kwenye kaburi la baba yake kabla uzee haujamzuia kusafiri.

Nizwa

Asubuhi ya kuondoka, tulipomaliza chai na mikate ya kumimina, Zaira aliniomba nifunge mlango. Akatoa ndani ya begi lake kitu kilichovikwa kitambaa cha sufi. Lilikuwa jiwe jeusi, dogo kuliko tofali, limesuguliwa mpaka likang'aa. Juu yake palichongwa neno moja kwa herufi kubwa: BABA.

"Kwetu kaburi lisilo na jina ni la mtu asiye na watu," aliniambia. Kiswahili chake alikisoma vitabuni, kimenyooka, hakina kona wala vumbi. "Sitaki baba yangu aonekane hana watu."

Nikamweleza kwa upole kwamba huku kwetu makaburi hayaandikwi. Mwanamume huwekewa jiwe kichwani na jiwe miguuni, mwanamke huongezewa la katikati, basi. Tajiri na maskini hawapambanuki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalivika jiwe kitambaa chake.

"Basi nitalishika tu mkononi, shangazi."

Mtu aliyebeba jiwe kutoka Baku huwezi kumpokonya kwa maneno ya asubuhi moja.

Nizwa hadi Sinaw

Dereva wetu alikuwa Zuwena, mke wa mwanangu, mfanyakazi wa benki. Mnamjua kwa maneno yake. Wazee wake walitoka Bujumbura, na kila akifungua mdomo mbele yangu hutangulia kujitetea.

"Leo nimepatikana," alisema akiwasha gari. "Kulia mama wa Unguja, nyuma profesa wa Kiswahili. Mimi wa Bujumbura nikikosea ngeli mtanishusha jangwani."

"Wewe endesha," nikamwambia. "Kiswahili chako tulishakisamehe siku ya harusi."

Akacheka, kisha akamuuliza Zaira, aliyekwisha kumwonyesha naye jiwe lake, kwa nini halina jina kamili, limeandikwa Baba peke yake kama kwamba duniani kuna baba mmoja.

"Kwa sababu kwetu neno hilo nililitumia peke yangu," alisema Zaira. "Yeye alinifundisha nimwite baba kama mlivyowaita wazee wenu Unguja. Lakini kwa Waazerbaijani, baba ni babu. Baba wao wanamwita *ata*. Basi mimi namwita kijana asiye na unywele mweupe 'babu', na majirani wanashika mbavu."

"Maskini Mzee Said!"

"Subiri. Skuli nilisoma kwa Kirusi. Kwa Warusi *baba* ni mwanamke, mwanamke mzee wa shamba, na ukilitamka vibaya ni tusi. Kwa Wabulgaria ni nyanya. Mwalimu aliniuliza nani ananileta skuli asubuhi. Nikasema, baba. Akaridhika kwamba naletwa na ajuza. Siku alipomwona baba mlangoni, mrefu vile na ndevu zake, alimuuliza kwa adabu, bibi leo yuko wapi?"

Zuwena alicheka mpaka ikabidi nimwambie ashike usukani.

"Na mama yako je?" nikauliza. "Yeye alilionaje?"

"Mama alikuwa Mlezgi, watu wa milima ya Kaukasi. Kwao baba ni *buba*. Yeye peke yake hakushangaa. Na Waturuki wa Uturuki, ambao lugha yao na ya Baku ni ndugu, wao baba ni baba kama kwenu. Lakini ghorofa ya chini yetu walikaa Wajojia. Mjojia baba yake anamwita *mama*."

"Anamwita nani?"

"Mama. Na mama anamwita *deda*."

"Astaghfirullah," alisema Zuwena. "Watoto wa huko hawapotei?"

"Hawapotei. Mtoto anamjua anayemwita."

Akaniambia pia kwamba kwa Kiazerbaijani mimi si shangazi, ni *bibi*, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyomwita dada wa baba. Tangu pale akawa ananiita bibi, na nikapenda.

Mimi umri wangu wote nilidhani neno baba tumelipata kwa Waajemi, au limekuja na Waarabu, kama maneno yetu mengi. Nikamuuliza mwenye elimu yake. Akasema wataalamu wamegombana, kwa sababu kila taifa linapenda kuwa ndilo lililowaazima wengine. Lakini wengi wao wanaona kwamba maneno ya namna hii hayana haja ya kuazimwa. Mtoto mchanga hufunga midomo na kuifungua, ba, ba, hajamkusudia mtu. Aliye karibu husikia akadhani ameitwa. Penye baba ataitika baba, penye nyanya ataitika nyanya, na kuanzia hapo neno linakuwa lake.

Nilikaa na maneno hayo. Chuoni, tukisoma Kurani, tulifundishwa kwamba Mola ndiye aliyemfundisha Adam majina, na sikuona mgongano wowote. Nikaona rehema, kwamba kiumbe asiye na nguvu ya kushika hata kijiko amepewa midomo ya kumfanya mtu mzima aitike.

Zaira alikuwa akitazama nje. Akasema, si kwangu wala kwa Zuwena, "Wangu aliitika miaka saba."

Tukafika Sinaw. Pale tukaingia mkahawa wa Wahindi wa Malabari tukaagiza chai na chapati. Zaira aliomba jamu kwa ajili ya chai, ndivyo wanavyokunywa kwao, kijiko cha jamu mdomoni kisha chai juu yake. Mhudumu akaleta jamu na mkate. Zaira akaurudisha mkate. Mhudumu akaona mkate haukupendeza, akaleta mwingine wa moto. Ukarudishwa. Akaja mwenye mkahawa mwenyewe na mayai, kwa kuomba radhi. Tuliyala yale mayai, kwa sababu yule mtu hana kosa, na tukamwombea baraka katika kazi yake.

Ibra

Ibra tulifika Jumatano, siku ya soko la wanawake, ambalo mwanamume haingii. Zuwena alisema hawezi kupita Ibra Jumatano bila ya kuliona, na miguu yangu ilihitaji kunyooshwa. Zaira alisimama mbele ya bibi mmoja muuza udi na hina. Yule bibi alimtazama uso, akatazama mtandio wake aliojifunga kigeni, akamuuliza kwa Kiarabu, "Binti wa nani wewe?"

Huku kwetu ndivyo mtu anavyoulizwa. Hawakuulizi jina lako kwanza, wanakuuliza wa nani. Nilimfasiria. Zaira akajibu mwenyewe, kwa Kiarabu cha maneno mawili matatu aliyonisikia nikiyasema, kwamba yeye ni binti wa Said bin Khalfan.

"Ahlan, binti wa Said," alisema yule bibi, akaendelea kupima hina yake. Kwake lilikuwa jambo dogo. Zaira alinishika mkono akawa hauachii.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Khalfan. Huyu amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake ni kile alichoachiwa na baba yake, kimechanganyika na Kiarabu na ngeli zimemponyoka, lakini adabu hazikumponyoka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Tuko Ibra, kesho inshallah tuko kwako."

"Karibuni. Nyumba yenu. Huyu dada pia karibu, wallahi. Lakini shangazi, makaburini hapana. Mwanamke haendi makaburini. Wewe unajua dini kuliko mimi."

"Ninachojua ni kwamba wanavyuoni wamekhitilafiana, na kwamba linalochukiwa ni ukelele na kujirarua. Huyu haji kupiga kelele. Anakuja kumsalimu baba yake."

"Watu watasema."

"Watu gani, mwanangu?"

Akasema kuna mtu anamwita, akakata.

Sikumficha Zaira. Nilimwambia pale pale, baina ya mafungu ya hina. Hakukasirika. Aliuliza kama makaburi yale yana ukuta. Nikasema, ndiyo, mfupi.

"Basi nitasimama nje ya ukuta," alisema. "Bibi, muulize kama nje pia ni haramu."

Ibra hadi Sur

Tulilala Ibra, asubuhi tukaondoka. Tumeipita Bidiya, mchanga mwekundu uko kulia kwetu, tairi la nyuma likapasuka. Zuwena akashuka, akalizunguka gari, akasema kazi hii benki hawakumfundisha. Jua lilikuwa limeshapanda. Magari mengi yalipita kasi.

La kusimama lilikuwa pikapu yenye mbuzi nyuma. Akashuka mwanamke wa Kibedui, burqa usoni, macho tu na kidevu. Hakututolea salamu ndefu. Alilitazama tairi, akatutazama sisi, akasema, "Wanawake watatu, hapana hata mmoja wa kushika spana?"

"Mmoja ni profesa," alisema Zuwena.

"Profesa wa nini?"

"Wa maneno."

"Basi na aliambie tairi lifunguke." Akalifunga baibui lake kiunoni, akapiga magoti mchangani.

Alipokuwa akifungua, Zaira akimshikia nati mkononi, alituuliza tunakwenda kwa nani. Nikamwambia yote, hata lile la makaburi. Alilibadilisha tairi, kisha akatuletea maziwa ya ngamia kwenye bakuli la bati. Zaira akanywa lote, na yule mwanamke akafurahi kuliko nilivyotazamia. Alipopanda pikapu yake akaniambia, kwa sauti ya chini ili mgeni asione kama anasemwa: "Huyo kaka anayezuia, mtazameni macho. Mtu akizuia sana mlango, ndani mna kitu kimemshinda."

Akaondoka na mbuzi wake. Tukasali pale pale pembeni mwa njia, na katika sijda nikamwomba Mungu aulainishe moyo wa Khalfan, kwa kuwa wangu ulikuwa umeanza kuwa mgumu juu yake.

Sur

Khalfan alitupokea nje ya lango. Ana urefu wa baba yake na ule mwendo wa kuinamisha bega. Nilimwona Zaira akimtazama bega, sio uso. Walisalimiana kama watu wanaopeana kitu cha kuvunjika. Mkewe, Maryam, akatukaribisha ndani, kahawa na tende zikaja, tukaulizana hali za watu wote mpaka za wasiokuwepo duniani. Neno la makaburi hakulitaja mtu.

Zaira ndiye aliyelianza lile jambo. Alilifungua begi, akalitoa jiwe, akaliweka juu ya zulia mbele ya Khalfan. Nilijua atakasirika, jiwe la kuandikwa, tena kwa ajili ya kaburi.

Khalfan alilitazama. "Baba," alisoma.

Zaira akaniambia baadaye kwamba alikuwa amelionyesha jiwe lile kwa mchongaji, kwa msafiri wa Kirusi aliyekaa naye ndegeni, na kwa askari wa uwanjani aliyelipekua. Mchongaji alimpa pole ya babu, na Mrusi akamuuliza kama ajuza wake aliugua sana. Ukitutoa mimi na Zuwena, Khalfan ndiye mtu wa kwanza aliyelisoma akalijua.

Akainuka. "Twendeni," alisema. "Wote."

Alituendesha sisi wageni, Maryam akabaki jikoni. Makaburi yale yako ukingoni mwa wadi, bonde kavu linalopita maji ya mvua, nje kidogo ya mji. Ukuta mfupi, ardhi ya changarawe, na mawe madogo yamesimama mawili mawili na matatu matatu mpaka macho yanapochoka. Hapana jina hata moja. Khalfan akafungua lango, akaingia, nasi nyuma yake. Alitembea kuelekea upande wa wadi, akapunguza mwendo, akageuka kushoto, akasimama.

"Ni lipi?" aliuliza Zaira.

Niliukumbuka ushauri wa yule mwanamke wa njiani, nikamtazama macho. Yalikuwa yamejaa.

"Sijui," alisema Khalfan. "Wallahi sijui. Hapa ilikuwa mti ya mkunazi. Mimi nimemzika chini yake, mikono yangu hii. Halafu ilikuja ile mvua kubwa, wadi ikapanda. Imechukua mti, imechukua mawe. Watu walirudisha mawe, lakini walirudisha tu. Mimi nilikuja asubuhi yake, nikatafuta, nikatafuta." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Sijarudi tena. Mke wangu hajui. Nitamwambia nani? Nilikabidhiwa baba mmoja, nikampoteza. Sasa dada anatoka mbali anasema nionyeshe."

Zuwena aligeuka akatazama wadi. Jiwe lilikuwa mikononi mwa Zaira, na mikono ile sasa haikuwa na mahali pa kuliweka.

Wenzangu, mimi ni mtu wa kusomesha, nimezoea kuwa na jawabu. Pale sikuwa nalo, nikasimama. Kisha nikaona kwamba jawabu nilikuwa nalo tangu utotoni, na kila anayeingia makaburini analitamka pasi na kulifikiria.

"Mwanangu," nilimwambia Khalfan, "tukifika hapa tumefundishwa kusemaje?"

"Kusalimu."

"Kumsalimu nani?"

Akafikiri. "Wote."

"Wote. Hatukuambiwa tutafute kaburi la mtu wetu ndipo tusalimu. Tunawasalimu wakaazi wa nyumba hizi kwa jumla, waumini wanaume na wanawake, na tunawaambia kwamba inshallah tutawafuata. Said yumo humu. Wewe humjui alipo, Mungu anamjua. Hukumpoteza. Umempeleka mahali pasipo na mtu wa peke yake."

Nikamgeukia Zaira nikamweleza tena polepole. Aliniomba nimtamkie kwa Kiarabu kipande kwa kipande, naye arudie. Nikatamka, akarudia. Kwenye kipande cha pili sauti ya Khalfan iliingia juu ya yake, na wakaenda pamoja mpaka mwisho, huyu akikosea herufi na yule akiitengeneza. Nikawaacha, nikawaombea maiti wa pale wote, na kwa siri nikaliweka mbele jina la mtoto wa ami yangu.

Zaira akalivika jiwe kitambaa chake. "Nitarudi nalo," alimwambia kaka yake. "Kaburi la mama yangu lina nafasi ubavuni. Kule watu wanasoma mawe."

"Watajua ni nani?"

"Watasema ni babu. Si neno. Mama atajua."

Nyumbani kwa Khalfan

Tuliporudi, Khalfan alimwita mkewe pembeni akamweleza lile la kaburi, nami nikawasikia, na Maryam akamjibu tu, "Na ulikuwa ukilibeba hili peke yako?" Kisha akaenda jikoni.

Tulikula wali na samaki wa kuchoma kwa ndimu na pilipili, sinia moja. Khalfan aliuliza maswali ambayo mtoto mwenye baba hayaulizi. Je, alikuwa akicheka? Kwao Sur baba yake hakuwa mtu wa kucheka. Zaira akamwambia kwamba alikuwa akicheka mpaka anakaa chini, hasa majirani walipomwita babu, na kwamba alikuwa akiimba vibaya jikoni kwa lugha ambayo hapana aliyeijua ghorofa nzima. Khalfan akaacha kula. "Akiimba?" alisema. "Baba?" Na Zaira akamwimbia kidogo alichokumbuka. Ulikuwa wimbo wa kuchezea watoto wa Unguja. Nilimsaidia palipompotea.

Jua lilipoanza kushuka nilimwashiria Zuwena, tulikuwa tumeahidiwa malazi kwa jamaa zake. Maryam akaona, akaingia na chetezo, udi unafuka. Mnajua desturi yetu: mgeni akiletewa chetezo amekirimiwa na amepewa ruhusa, anajifukiza, anaaga, anakwenda zake. Baada ya hapo hakai tena. Wa nyumbani hapitishiwi chetezo cha kuagwa, kwa sababu haendi popote.

Kilikuja kwangu, nikafukiza mtandio wangu. Kikaenda kwa Zuwena. Zaira alikuwa ametutazama, naye akanyanyua ncha za mtandio wake, tayari, kama alivyotuona sisi.

"Huyo hapana," alisema Khalfan.

Maryam akamtazama mumewe, kisha akakipitisha chetezo mbele ya Zaira bila ya kusimama, akakirudisha ndani.

Zaira alibaki na mtandio mikononi. Uso ulimbadilika, akanigeukia, akidhani amekosea jambo mbele za watu.

"Hukukosea, mwanangu," nilimwambia, nikimshika bega ili nipate kuinuka. "Wewe kaa. Wanaoondoka ni sisi."

Tukatoka, mimi na Zuwena, wawili.